Mwanga Uliopotea Kemambo

Oduol aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja kwa sababu mkanda wake ulibaki kaunta. Alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano, kijana mrefu wa Sirari, na kwa mujibu wa jalada lililokuwa mezani ndiye msaliti aliyewaelekeza majangili hadi walipolala faru.

Inspekta Wegesa alimwonyesha kiti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa."

Wegesa alizaliwa Tarime hiyohiyo, akaenda Dar es Salaam kusomea upelelezi wa makosa ya mtandao, na sasa mkuu wake alikuwa amemkabidhi kesi hii huku akimwambia waziwazi kwamba imeshaiva, kazi yake ni kuipakua tu. Alikuwa ameisoma usiku kucha. Hakuona kilichoiva.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kule Mbalibali, wilayani Serengeti, kulikuwa na Kituo cha Ulinzi wa Faru. Kila faru wa kituo hicho alikuwa amepandikizwa ndani ya pembe kifaa kidogo kinachotuma ishara ya mahali alipo. Ishara zilipokelewa na seva ya kituo, kisha zikasafiri kwa mkongo wa mawasiliano kupitia Kemambo hadi Tarime, na kuendelea mpaka kwenye kompyuta kubwa za wingu zilizoko mbali, ambako zilichambuliwa na kurudishwa zikiwa ramani ya kuwaongoza askari wa doria. Njia hiyo haikuwa ya kila mtu. Kituo kiliikodi peke yake, kutoka mlango wa seva hadi mlango wa wingu, na haikugusa intaneti hata kidogo. Mdukuzi wa nje hakuwa na pa kuingilia.

Hata hivyo, mara mbili majangili walimfuata faru moja kwa moja, kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba moto. Mara ya pili walimpiga risasi ya paja askari wa doria aitwaye Benedicto, ambaye mpaka asubuhi hii alikuwa kitandani Mugumu hajui kama mguu utabaki. Kati ya faru wanne walibaki wawili: jike kubwa ambalo askari walilipa jina la Ghati, na ndama wake.

Kama njia haina mlango wa nje, mwizi yuko ndani. Hivyo ndivyo walivyosema wote, na aliyekuwa na funguo zote za ndani ni Oduol.

"Jioni ya kuamkia kila tukio ulipiga simu Migori, ng'ambo ya mpaka wa Kenya," Wegesa alianza. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Dada yangu Beryl. Ameolewa huko."

"Mliongea nini?"

"Alikuwa amelazwa, afande. Mimba ya mapacha, presha inapanda. Nilikuwa namjulia hali."

"Kila jioni?"

"Kila jioni mpaka alipojifungua. Nilimwambia hata yule aliyenikamata. Akaniambia hayo utamweleza hakimu."

Wegesa hakumwambia kwamba tayari alikuwa amezipitia simu zake za mwezi mzima, siyo zile mbili tu ambazo wenzake walizichomoa. Jioni zote zilifanana. Mtu anayepiga simu kila siku hawezi kufungwa kwa sababu siku mbili kati ya hizo ziliangukia pabaya.

Alilifunga jalada na kulisukuma pembeni.

"Sasa niambie kitu ambacho hakimo humu. Kabla faru wa kwanza hajauawa, ni nini kilibadilika kwenye mitambo yako?"

Oduol alifikiri. "Mwanga."

"Mwanga gani?"

"Ule wa mkongo. Barabara ilipokuwa inachongwa, mkongo ulikatwa pale Kemambo. Ukaungwa siku hiyohiyo. Lakini tangu hapo mwanga unaofika kwenye mtambo wetu ukapungua karibu nusu. Nikamwambia Bwana Hezekia, meneja wetu. Akasema maadamu ramani inaonekana, tusisumbue watu."

"Nani aliyeuunga?"

"Zablon. Ndiye mkandarasi wa matengenezo ya mkongo kwenye barabara hiyo yote."

"Baada ya kupungua, ukawa unapanda na kushuka? Mvua ikinyesha, jua likiwaka?"

"Hapana. Ulishuka mara moja, ukatulia palepale."

Wegesa alilipima jibu hilo. Kiungio kibovu hupwaya. Kila siku huwa na tabia yake. Mwanga unaopungua nusu na kutulia haujaharibika. Umegawanywa.

"Swali la mwisho. Habari zinazopita kwenye njia hiyo, mlizisimba, yaani mlizifunga kwa msimbo?"

Oduol aliinamisha kichwa. "Niliomba. Bwana Hezekia akasema, njia ni yetu peke yetu, tunamficha nani?"

Wegesa alisimama. Alipofika kaunta alimwambia askari wa zamu amrudishie kijana mkanda wake na amtafutie chai.

"Tunamwachia, afande?"

"Bado. Lakini hata mahabusu hunywa chai."

*

Sajenti Kornelio aliendesha gari, mtu mnene, mtaratibu, ambaye hakupenda kuondoka ofisini bila kujua anakwenda kufanya nini.

"Afande, njia ni ya faragha. Mimi hapo ndipo ninapokwama. Mtu aliingiaje?"

"Kornelio, ukipewa barabara yako peke yako kutoka nyumbani mpaka shambani, hakuna mwingine anayeruhusiwa kupita, mahindi yako yako salama?"

"Yako salama."

"Umeyabeba kwenye gari wazi, halina turubai. Mimi nimesimama kichakani kando ya barabara. Sijapita barabarani kwako. Sijagusa hindi hata moja."

Kornelio alibadilisha gia waliposhuka mteremko. "Lakini umeona umebeba nini."

"Na unapeleka wapi. Wenzetu walisikia neno faragha wakadhani ni kufuli. Faragha ni kutokuchangia njia na watu wengine. Kufuli ni kitu kingine, na hawa hawakufunga."

"Basi tumkamate Zablon tumalize."

"Kwa kosa gani? Kuunga mkongo vibaya? Atasema kiungio kilimshinda, na mahakama itamwelewa. Halafu bado yupo meneja, ambaye alikataa kufunga na alikataa kuchunguza. Inawezekana ni mjinga. Inawezekana ni mwerevu kuliko tunavyodhani. Nataka majangili wenyewe waniambie wanaambiwa na nani."

Walipita Kemambo bila kusimama. Kando ya barabara, jirani na kifuniko cha zege cha chemba ya mkongo, palikuwa na banda la mabati lenye maandishi ya rangi, TUNACHAJI SIMU. Mlango ulikuwa na kufuli. Juu yake paneli ya sola ilimeta. Wegesa aligeuka kulitazama mpaka likapotea. Mabati yote ya pale yalikuwa mekundu kwa vumbi la barabara, ila ile paneli ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

*

Hezekia, meneja wa kituo, aliwapokea akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na uso wa mtu asiyependa kuulizwa.

"Nilidhani mtu wetu mnaye," alisema.

"Tunaye. Naomba kuona mtambo unaopokea mkongo."

"Nitauliza makao makuu kwanza."

"Uliza. Nikiwa nautazama."

Alimfungulia. Mtambo ulisema kile alichosema Oduol: mwanga ulikuwa umepungua karibu nusu, na mstari wake kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi tangu siku ya matengenezo.

"Uliambiwa kuhusu hili?"

"Vitu vya kiufundi vinapanda na kushuka, Inspekta. Ningesikiliza kila fundi anayelalamika, faru wangelindwa na nani?"

"Sasa wanalindwa na nani?"

Hezekia alitoa leso mfukoni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kornelio alimtazama Wegesa kwa jicho la mtu aliyeshika mkia wa panya, lakini Wegesa aliendelea na kazi. Alimtaka Hezekia amkabidhi akaunti zote za seva na za wingu. Akazifunga zote, akabakiza moja aliyoishika yeye mwenyewe. Kuanzia hapo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuchungulia kitu kule kwenye wingu.

Kisha akakaa kwenye kibodi na kutengeneza faru wawili wa uongo.

Wa kwanza alimweka kwenye skrini ya ukumbi, ambayo Hezekia na wafanyakazi wake wote waliiona. Kwenye skrini hiyo, Ghati na ndama wake walikuwa wakielekea korongo la mashariki. Wa pili alimtia kwenye habari zinazosafiri kwa mkongo. Kule ndani ya nyuzi, bila jicho la mtu yeyote kituoni kuona, Ghati alikuwa amelala kwenye kona ya mto upande wa magharibi, mahali ambapo askari waliapa kwamba hajakanyaga tangu masika yaanze. Ghati wa kweli alikuwa kaskazini, na askari wawili walikuwa wanamtazama kwa macho yao.

Alipomaliza aliwaita askari wa doria nyuma ya stoo, akawanong'oneza. Hakuna redio. Hakuna simu, zote ziliwekwa kwenye ndoo na ndoo ikafungiwa.

"Wakija korongo la mashariki," alisema, "aliyewaita yuko ndani ya jengo hili. Wakija kona ya mto, wameitwa na mkongo. Tutajigawa makundi mawili."

"Wasipokuja kabisa?" aliuliza Kornelio.

"Nimemwandika kwamba hasogei, kama faru anayeumwa mguu. Watakuja."

"Na wewe unakwenda upande gani?"

"Mtoni."

*

Kulikucha kwa ukungu. Wegesa alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, Kornelio kushoto kwake akihema kama ng'ombe aliyepanda mlima, na askari watano wa doria wakiwa wametawanyika ng'ambo na ng'ambo. Ndege walianza kelele. Kisha upande wa chini ya mto wakanyamaza ghafla.

Wanaume wanne walitokea kwenye ukungu. Wa mbele alibeba bunduki. Wa pili alikuwa ameinamia simu, akitembea kwa kufuata simu hiyo, hatazami hata anapokanyaga. Alisimama, akageuka kidogo kulia, akasonga tena, na kusimama mahali hasa ambapo Wegesa jana yake alikuwa ameweka kidole chake kwenye ramani.

Hapakuwa na faru. Yule mtu aliitazama simu, akatazama majani, akaitazama simu tena.

"Polisi!" Wegesa alipaza sauti. "Weka silaha chini!"

Mwenye bunduki alifyatua juu kwa woga na kugeuka kukimbia, akakutana uso kwa uso na Sajenti Kornelio, ambaye hakuna aliyemwona akiinuka. Walianguka wote majini. Askari wa doria waliwazingira wale wengine kabla hawajapiga hatua. Mmoja wa askari, rafiki wa Benedicto, alimkalia mgongoni mwenye simu na kumfunga mikono, akikaza kamba kwa hasira.

"Taratibu, mura," Wegesa alimwambia, akimwita kijana kwa Kikurya. "Mfunge tu. Nataka awe na mdomo wa kuongea."

Kornelio alitoka mtoni maji yakimchuruzika, bunduki mkononi, kofia imekwenda na mto.

"Afande," alisema, "ni mkongo!"

"Ni mkongo," alisema Wegesa, na kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe kesi alicheka.

Yule mwenye simu hakuhitaji kubanwa sana. Alisema nukta ya mahali faru alipo hutumwa kwenye simu yake na mtu asiyemjua sura, humwita Fundi, na haijawahi kumdanganya hata mara moja. Ilikuwa imemdanganya leo tu.

*

Habari ya kukamatwa kwao ilikuwa bado haijatoka porini wakati Wegesa alipompigia simu Zablon.

"Fundi, habari za asubuhi. Hapa polisi Tarime. Kuna mafundi wanatoka Mwanza, watafungua kila kiungio cha mkongo kuanzia saa nane mchana. Tunaomba uwapokee Kemambo."

"Kila kiungio?" Sauti ilisita. "Hakuna shida, afande. Saa nane nitakuwepo."

Wegesa hakuingoja saa nane. Aliegesha gari mbali, akaenda kwa miguu na Kornelio hadi nyumba iliyotazamana na lile banda la sola, ambako mama mmoja alikuwa akipukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mama. Mimi ni polisi. Naomba kukaa hapa kidogo nyuma ya lango lako."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Unamngoja nani?"

"Mwenye banda lile."

Mama alicheka. "Lile? Halijawahi kuchaji simu hata moja. Tukienda, limefungwa. Ila fundi mwenyewe huja na kitambaa, anapanda anafuta paneli, anashuka, anakwenda zake. Tukasema labda ana wazimu."

Hawakusubiri sana. Pikipiki ilikuja kwa kasi kutoka upande wa Tarime, ikasimama kando ya chemba. Zablon alikuwa mwanamume mwembamba, nadhifu, mwenye mfuko wa vifaa begani. Alitazama barabara juu na chini, akainua kifuniko cha zege kwa nondo, akashuka hadi kiunoni. Mkono mmoja ulikuwa na koleo.

Wegesa alivuka barabara kwa utulivu na kusimama ukingoni mwa shimo. Kivuli chake kilimwangukia fundi mabegani.

"Mbona umewahi, fundi?"

Zablon aliganda. Kisha akatabasamu. "Afande! Nimekuja kuwaandalia. Kiungio hiki kina matatizo, nilitaka kukisafisha wageni wasipate taabu."

"Kwa kukata?"

"Huu ni uzi wa akiba. Hauna kazi."

"Uzi wa akiba unakwenda wapi?"

"Hauendi popote."

Wegesa alipiga magoti na kushika ule uzi mwembamba mweusi kwa vidole viwili. Haukufuata barabara kama mingine. Uliingia kwenye bomba, ukapita chini ya mchanga, na kuelekea moja kwa moja kwenye banda la mabati. Kornelio, ambaye nguo zake zilikuwa hazijakauka, alivunja kufuli. Ndani hapakuwa na chaja hata moja. Palikuwa na betri, kompyuta ndogo iliyounganishwa na ule uzi, na kifaa cha laini ya simu kikiwakawaka taa ya kijani.

"Hiyo siyo yangu," alisema Zablon.

"Paneli unayoifuta ni ya nani?"

Kutoka ng'ambo ya barabara yule mama alipaza sauti, "Mwambie aje afute na ya kwangu!" Watu waliokuwa wameanza kukusanyika wakaangua kicheko.

Zablon alipata ujasiri wa mwisho. "Mpaka sasa hamna kitu. Kompyuta kwenye banda. Uzi shimoni. Nani atathibitisha kwamba unachukua chochote kutoka kwenye njia ya faru? Kiungio kilikuwa kibovu, basi."

"Hilo ni swali zuri," alisema Wegesa.

Alimwita fundi wa kutoka Mwanza, kwa maana fundi wa Mwanza alikuwepo kweli, ameketi ndani ya gari la polisi na mashine yake ya kuungia nyuzi mapajani. Kisha akampigia simu Hezekia kule Mbalibali na kuweka sauti ya nje ili umati usikie.

"Meneja, uko mbele ya mtambo?"

"Nipo."

"Mwanga ukoje?"

"Kama siku zote. Uko chini."

Fundi wa Mwanza alitoa ndani ya kiungio kijisanduku kidogo kama kiberiti, kigawa mwanga, kitu ambacho hakuna mkandarasi anayekiweka pale kwa bahati mbaya. Njia ikazimika. Akaziunga nyuzi mbili kama zilivyokuwa mwanzo, kwa mikono isiyo na haraka, huku watu wakitazama bila kukohoa.

"Meneja?"

 Halafu sauti ya Hezekia ikaja, imevunjika. "Umerudi. Umerudi wote. Kama zamani kabisa." Kiti kilisikika kikisukumwa. "Yule kijana aliniambia. Mungu wangu, aliniambia."

Wegesa alikata simu na kumtazama Zablon, ambaye sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani, na lile koleo limemwanguka.

"Kiungio kimepona," alimwambia. "Simama nikufunge pingu."

*

Jioni, gari la polisi lililotoka Tarime liliingia kituoni Mbalibali na Oduol akashuka akiwa amevaa viatu na mkanda. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga uani bila kuitwa. Hezekia alitoka mbele yao.

"Nilikusikia, nikakupuuza," alisema kwa sauti ambayo hata wapishi jikoni waliisikia. "Halafu walipokuja kukuchukua, niliwaonyesha mlango wako. Nisamehe."

Oduol alikaza mkanda wake. "Tusimbe njia kwanza," alijibu. "Mengine tutaongea."

Wakaingia pamoja kwenye chumba cha seva, na Wegesa akawafuata. Kazi haikuchukua muda mrefu. Habari za Ghati wa kweli, aliyekuwa salama kaskazini na mwanawe, zilianza kutoka kituoni zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na mtu yeyote ambaye angesimama njiani angeona fujo tupu ya herufi. Wakati huohuo ujumbe uliingia kutoka Mugumu: Benedicto alikuwa ameusimamia mguu wake, na mguu umembeba mpaka dirishani.

Ndipo uwanja ulipolipuka. Mtu alileta litungu, kinubi cha Wakurya. Askari wa doria walishikana mabega na kuanza kuruka, buti zikitingisha ardhi, na rafiki wa Benedicto ndiye aliyeongoza wimbo, machozi yakimtoka bila aibu. Wapishi walipiga vigelegele. Sajenti Kornelio, ambaye hakuna aliyejua kwamba anaweza, aliruka kuliko wote.

Simu ya Wegesa ikaita. Alikuwa mkuu wake wa upelelezi, aliyesema kesi imeiva.

"Inspekta, naambiwa umemwachia mtuhumiwa. Nieleze. Kesi imekwendaje?"

Wegesa alisogea karibu na wachezaji. Aliinua simu juu ya kichwa chake, kuelekea uwanjani, akaishikilia hapo mpaka wimbo ulipokwisha.